Tuta Lisilovunjwa

Rangi nyekundu ilianza kupakwa kwenye mkaratusi wa kwanza asubuhi, na jua lilipofika utosini kijiji kizima cha Kasoti kilikwishajua kwamba watu wa msitu wamerudi. Gari lao waliliacha barabarani kwa ajili ya tope la Februari, wakapanda mlima kwa miguu. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye kumwamkia kila aliyemzidi umri, na upole huo ndio uliowatia watu hofu. Mtu akija kwa matusi unajua pa kumshika. Huyu alikuja na shikamoo.

"Shikamoo mama," alimwambia Redempta, aliyekuwa uani akichambua maharage.

"Marahaba. Karibu."

"Asante. Naitwa Ndalahwa, ndiye bwana misitu mpya. Lile eneo lenye nyasi ndefu kule juu, karibu na chanzo cha kijito, ni la nani?"

"Lile shamba? La kwetu."

"Shamba?" Kijana aligeuka kutazama juu, akatazama tena ungo wa maharage. "Mbona ni pori tupu?"

Redempta alicheka kidogo, kicheko cha aibu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mtoto wake hana nguo. Alijaribu kumweleza. Ufipa shamba zuri ni lile lenye nyasi. Unaliacha linyamaze miaka, nyasi zinaota mpaka kifuani, halafu mvua zikikolea unaliingia na jembe, unapindua udongo na nyasi zake, nyasi ndani, udongo juu, unajenga tuta la duara. Wao huliita intumba. Nyasi zinaoza humo ndani, juu unatia maharage, na msimu unaofuata unalivunja tuta, unalitandaza, unapanda ulezi au mahindi. Wao wenyewe walikuwa wakingoja wiki ileile. Ulezi wa pombe ulikwisha kulowekwa, majirani walikwisha kuombwa kuja kulima.

"Kwetu Shinyanga, nyasi ndefu ni malisho," alisema Ndalahwa. "Na kwenye ramani yangu, nyasi ndefu ni pori. Nisamehe mama, sikujua."

Redempta alimpenda kwa kusema hivyo. Ndiyo maana hakuelewa haraka maneno yaliyofuata. Kijana alisema kuna hifadhi ya msitu pale mlimani, iliyopimwa na Mwingereza, na mpaka wake unatakiwa ufufuliwe. Mawe ya Mwingereza hayajaonekana hata moja. Kwa hiyo wanakadiria tu, na kwa makadirio yao mstari unakata shamba lile katikati. Nusu ya chini itabaki ya familia. Nusu ya juu ni msitu, isiguswe tena.

"Ila kama yuko mzee anayejua lilipokuwa jiwe la zamani," aliongeza, akijifuta jasho, "atuonyeshe. Kama mpaka uko juu zaidi, shamba lote ni lenu, na mimi nitafurahi."

Alipokwisha kuondoka, Redempta alibaki na ungo mapajani, mikono imesimama. Mashamba yao mengine mawili yalikuwa yamechoka, yanatoa mahindi ya kuchekesha kuku. Hilo la nyasi ndilo lililokuwa limepumzika. Humo ndimo yangetoka maharage ya Lucia, binti yao, aliyekuwa akisoma sekondari mjini na kupanga chumba mtaa wa Majengo. Humo ndimo ungetoka ulezi wa mwaka.

* * *

Jioni, wakiwa jikoni, mzee Clemens alimwambia mkaza mwanawe arudie maneno yote tangu mwanzo. Alikuwa mzee sana, macho yamefunikwa na ukungu mweupe, na miguu haikumpeleka tena mbali zaidi ya mlangoni. Lakini kusikia alisikia, na kukumbuka alikumbuka.

"Kijana kasema Mwingereza?" aliuliza, uso ukimchangamka. "Basi tumepona. Mwingereza hakuwa mtu wa kukadiria. Jiwe lipo. Mimi nilikuwepo linawekwa, mvulana wa kuchunga mbuzi. Yule mzungu tulimwita Bwana Miwani. Alisimama kwenye shamba la baba, upande wa juu kabisa, akachimba, akatia jiwe. Shamba lote liko chini ya jiwe. Hata nusu hawachukui."

"Mwingereza wako," alisema Theodory, mwanawe, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ugali.

"Ndiyo, wangu. Wewe umezaliwa amekwisha kuondoka, umejaa matusi tu. Umewahi kuona nzige?"

"Baba, tumekwisha kuongea habari za nzige."

"Nakuuliza, umewaona?"

"Sijawaona."

"Basi! Sisi tuliwaona. Walikuwa wakipanda kutoka bonde la Rukwa mpaka jua linakuwa jekundu mchana. Mama yangu alitupikia mizizi. Ni Mwingereza aliyesema nzige wafuatwe hukohuko wanakozaliwa. Mimi nimelala kwenye matope ya ziwa, mbu wananila, natafuta tunutu kwenye nyasi kabla hawajaota mabawa. Na mshahara nikapewa, na kaptura nikapewa."

"Na babu? Alikwenda kukata mkonge Tanga kwa sababu ya kodi ya kichwa ya nani? Hakurudi na kikohozi?"

"Alirudi na kikohozi. Na blanketi pia alirudi nalo."

"Akafia ndani ya blanketi." Theodory alisukuma sahani. "Hapa watu walikuwa wanafua chuma chao wenyewe. Tanuru liko pale kwa jirani Meshack mpaka leo, mbuzi wanalala ndani. Nani alilizima?"

"Alilizima jembe la dukani. Lilikuwa jepesi, watu wakalikimbilia wenyewe, hawakuchapwa. Mkeo hapa analimia jembe gani, lililofuliwa na nani? Mwulize."

Redempta hakutaka kuulizwa. Kwake Mwingereza alikuwa kama mvua ya mwaka ambao hakuwa amezaliwa: aliona tu makorongo iliyoyachimba na miti iliyoiotesha, na makorongo na miti vilikuwa mahali pamoja. Alitaka kujua jambo moja. Alikumbuka kwamba upande wa juu wa shamba lao kulikuwa na tuta moja kubwa ambalo marehemu mama mkwe alimkataza kulivunja, mwaka ule alipokuja kuolewa. Matuta yote yalivunjwa na kutandazwa kila msimu. Hilo liliongezwa tu udongo. Hakuambiwa sababu, na mke mgeni haulizi sababu.

"Baba," alisema polepole, "lile tuta lisilovunjwa..."

"Ndilo!" Mzee alipiga goti lake. "Jiwe liko ndani. Bwana Miwani alimwambia baba, jiwe hili lisiguswe na mtu wala mnyama. Baba akajenga intumba juu yake, ng'ombe wasiling'oe, watoto wasilichezee, yeye asije akafungwa. Tumelilinda mpaka leo."

Theodory alitulia. Aliuliza kwa sauti nyingine, isiyo ya ugomvi. "Alimwambia kwa mdomo wake kwamba ndilo mpaka?"

"Alisema lisiguswe. Kitu kisichoguswa shambani ni nini, kama si mpaka?"

Kuni zilitoa moshi, Redempta akainama kuzipuliza. Baadaye, walipotoka nje kufunga mbuzi, mumewe alimwambia: "Mama Lucia, tuache. Nusu ya shamba si haba. Tuchukue nusu, tulime, tunyamaze. Wakubwa ukiwaita waje kutazama kitu chako, hawatazami kimoja."

"Lakini ni letu lote. Na baba anajua."

"Baba anampenda mtu aliyempa kaptura."

"Nusu ya juu ndiyo yenye nyasi nzuri, baba Lucia. Ya chini ni mawe. Wewe unajua."

Alijua. Hakusema tena, na Redempta akachukulia kimya kile kuwa ruhusa. Asubuhi, kabla mumewe hajarudi kutoka kuswaga mbuzi, alikwenda ofisi ya kijiji walikolala wale wageni, akasimama mlangoni akishika khanga yake kwa mikono miwili, mpaka Ndalahwa alipomwona na kumwuliza kuna nini. Yeye ambaye hata mikutanoni hukaa nyuma na kunyamaza, alisema: "Jiwe nalijua liliko."

* * *

Habari ilitangulia mlimani. Walipofika juu, majirani walikwishajaa, kwa sababu mashamba yao nao yalipakana na ule mstari wa makadirio, na kila mmoja alitaka kuona mpaka ukipanda juu na kumwachia nafasi. Meshack alikuja na mundu begani. Gaudiosa, jirani wa mlango kwa mlango, alikuja na mtoto mgongoni na chungu kidogo cha togwa, kana kwamba ni siku ya kulima.

"Leo mnazika au mnafukua?" Meshack alitania.

"Tunamfukua Mwingereza," alisema Gaudiosa. "Akitoka na miwani yake, wa kwanza kukimbia ni wewe."

Watu walicheka. Theodory hakucheka. Alisimama pembeni, mikono kifuani. Ilibidi Redempta mwenyewe azifyeke nyasi, alitafute tuta kwa miguu, alipande na kusema ni hili. Lilikuwa kubwa kuliko alivyokumbuka, limeota nyasi kama mgongo wa mnyama aliyelala. Alipiga jembe la kwanza. Alijihisi kama anamvua nguo marehemu mama mkwe. Kisha Meshack akamsaidia, na vijana wawili, na udongo mweusi wa miaka yote ile ukamwagika, mzuri, mwororo, udongo ambao mtu angetamani kuula.

Jembe lililia kwenye kitu kigumu.

Lilikuwa jiwe la saruji, la mraba, na juu yake msumari mnene wa shaba na namba zilizochorwa. Gaudiosa alipiga kigelegele. "Mzee Clemens hoyee! Mwacheni mzee aitwe mzee!" Watu walipeana mikono. Hata Theodory alishusha mikono yake kifuani, akasogea, akalitazama jiwe, akamtazama mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuomba radhi na hajui aanzie wapi. Redempta angeishi miaka mingi kwa mtazamo ule mmoja.

Ndalahwa alikuwa amechuchumaa. Alifuta namba kwa kiganja, akazisoma kwa sauti ndogo, mwenzake akabonyeza kifaa chake cha kupimia. Wakatazamana. Akazisoma tena.

"Mama," alisema, "hili si jiwe la mpaka."

"Si Mwingereza aliyeliweka?"

"Ni yeye. Lakini hili ni jiwe la kuanzia vipimo. Hapa ndipo aliposimamisha chombo chake, halafu akahesabu kushuka mpaka kwenye mstari. Mpaka wote umehesabiwa kutoka hapa. Sisi tulikuwa tunalitafuta. Tulidhani liko kule kileleni, ndiyo maana makadirio yetu yaliishia katikati ya shamba lenu. Kumbe liko huku chini."

Watu hawakuelewa. Meshack ndiye aliyeuliza: "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mstari nao unashuka."

Redempta alisogea karibu na kijana, akasema polepole, kama anayesema na daktari, kwamba jana alimwambia jiwe likionekana shamba litakuwa lao. Ndalahwa akajibu kwamba yeye alisema: kama mpaka uko juu zaidi. Ni kweli, ndivyo alivyosema. Redempta akatazama shimo, akatazama jembe mkononi mwake.

"Hatuwezi kulifukia tena?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajuta. Ndalahwa aliinamisha kichwa. "Nimekwishaliona, mama."

* * *

Walipima kushuka. Kulikuwa na mlingoti mrefu wa rangi nyeupe na nyekundu uliotakiwa kushikwa wima, na kwa kuwa nyasi zilikuwa ndefu na mmoja wa wale wageni alikuwa mfupi, waliomba mtu mrefu. Theodory ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote. Aliushika. Aliambiwa sogea kushoto, akasogea. Aliambiwa rudi nyuma kidogo mzee, akarudi nyuma kidogo. Hivyo ndivyo alivyoshuka kupitia shamba lake lote, kisha mahindi ya Gaudiosa yaliyokuwa yameanza kubeba, kisha maharage ya Meshack, akishikilia mlingoti mwenyewe kwa mikono yake miwili, na majirani wakimfuata nyuma kama watu wanaosindikiza jeneza.

"Mwingereza kaondoka, kamba yake kaiacha," alisema Meshack. "Na mfungaji katoka kwetu."

"Tulikuwa tunapoteza nusu," Gaudiosa alisema, si kwa Redempta, kwa hewa. "Nusu ya mtu mmoja. Sasa tunapoteza sote." Chungu chake cha togwa alikuwa bado amekibeba. Hakumpa mtu.

Ndalahwa alijaribu kueleza. Alisema sheria hii iliandikwa na wakoloni lakini kalamu leo ni yetu wenyewe, yeye ametumwa tu. Alisema pia jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: watazame mlima wa ng'ambo, usiokuwa na mstari wa mtu yeyote. Uko kipara. Kijito chake kilikufa zamani, wanawake wa kule wanateka maji wapi? Kijito cha Kasoti kinatiririka kwa sababu huyohuyo Mwingereza alikataza miti isikatwe. "Mimi sisemi alikuwa mtu mwema," alisema. "Nasema maji mnayo."

Redempta alijua ni kweli. Kila alfajiri aliinama kwenye kijito kile na ndoo yake, na shoga zake wa ng'ambo walikuja mpaka pale na madumu vichwani. Ukweli huo haukumsaidia chochote. Aliubeba tu, mzigo juu ya mzigo.

Mstari ulisimama mbele ya nyumba yao, kati ya mlango na barabara. Nyumba yote, jiko, zizi la mbuzi, na kaburi la mama mkwe, vilibaki upande wa msitu. Ndalahwa alirudia vipimo mara ya pili bila kuombwa. Alisema mahindi yaliyomo mashambani watavuna, hilo atalisimamia. Kulima upya, hapana. Intumba, hapana. Kuhusu nyumba watakuja wengine, wakubwa zaidi, na labda kutakuwa na mazungumzo. Neno lile "labda" alilisema akitazama viatu vyake.

Theodory aliulaza mlingoti chini taratibu, kama kitu kinachovunjika. Redempta alimngojea amgombeze. Angegombezwa, angepumua. Alikwenda tu kukaa kwenye gogo la kupasulia kuni, akaanza kutoa mbegu za nyasi zilizonasa kwenye suruali, moja moja.

"Baba asiambiwe," alisema, bila kumtazama mkewe. "Akiambiwa, hafiki kesho."

* * *

Mzee Clemens alikuwa ameketi ndani, karibu na ukuta, shingo imeinuka. Alikuwa amesikia kigelegele kutoka mlimani, na tangu hapo alikuwa akingoja.

"Redempta? Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Jiwe lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Palepale uliposema."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Machozi yalimtoka kwenye yale macho meupe, akayafuta kwa kofia. "Mnaona! Mnaona! Theodory yuko wapi? Aje sasa anitukanie Mwingereza wangu." Akatulia kidogo, akanusa. Nje, upande wa pili wa ukuta aliouegemea, brashi ilikuwa ikipita juu ya tofali. "Nasikia harufu ya rangi."

"Wanatia alama."

"Kwenye nyumba? Ni vizuri. Waandike kabisa, asije mwingine akasumbua wajukuu." Alinyoosha mkono, akaushika wa mkaza mwanawe, akahisi udongo uliokauka vidoleni. "Umechimba wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Mungu akubariki. Sasa sikiliza, mwanangu. Mtu akikuthibitishia shamba lako haondoki mikono mitupu, hiyo ni aibu. Shika jogoo, yule mkubwa, umpe huyo kijana. Mwambie ametoka kwangu."

Redempta alifungua mdomo. Mzee alikuwa akitabasamu kuelekea mahali alipodhani uso wake upo. Alisema, "Haya, baba," akatoka.

Jogoo hakukimbia sana. Alimfunga miguu kwa utambaa wa khanga, akampakata. Theodory, kwenye gogo lake, aliinua macho. "Unampeleka wapi huyo?"

"Baba kasema apewe bwana misitu. Kwa shukrani."

Theodory aligeuka upande wa mlimani. "Basi mpe."

Ndalahwa alikuwa akifunika kopo la rangi. Alipoelewa ni kitu gani anapewa na kwa nini, alirudi nyuma hatua moja, mikono akaificha mgongoni kama mtoto aliyeshikwa na jambo.

"Hapana mama. Siwezi. Kwa hili siwezi kupokea."

Kutoka ndani, sauti ya mzee ilipaa, yenye nguvu kuliko walivyoisikia mwaka mzima. "Amepokea?"

Redempta alimsogezea jogoo mpaka manyoya yakagusa shati lake. "Pokea," alimwambia kwa kunong'ona. "Anasikiliza."

Kijana alitoa mkono, wenye rangi mpaka kwenye kifundo, akampokea jogoo. "Asante, babu!" alipaza sauti, ikakatika katikati.

"Karibu, mwanangu," mzee alijibu kutoka gizani. "Karibu tena."